Mezani Hapakuwa na Buzi

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi waandishi wenzangu mnaolala na kauntabuku chini ya mto, leo nimekuja kugombana. Sigombani na wakubwa. Wachapishaji wasiojibu barua zetu nawaacha kwanza, siku yao ipo. Nagombana na sisi wenyewe, sisi tunaokutana Jumamosi kusomeana hadithi na kupigiana makofi. Hivi ni nani aliyetuloga tukaamini kwamba msichana wa chuo hawezi kukaa mezani, akala, akashiba, bila mzee mwenye kitambi kumlipia?

Hesabuni wenyewe. Mwezi uliopita tulisomeana hadithi tisa. Katika nne kati ya hizo yumo msichana wa Mlimani, mrembo kupindukia, macho kama amekula kungu. Yuko hotelini, mbele yake kuku mzima, na upande wa pili wa meza yuko buzi. Kilichobadilika ni gari tu: buzi wa kaka zetu wa miaka ya 1990 alikuwa na Pajero, wa kwetu tumempa V8. Msichana anamchuna, mke wa buzi anatokea, glasi zinavunjika, hadithi imekwisha. Tukapiga makofi. Nami nilipiga, maana moja ya hizo nne ilikuwa yangu.

Sasa sikilizeni kilichonipata.

Mimi naishi Sinza, chumba na sebule, kwa dada yangu. Ni mtoto wa mama mkubwa, lakini kwetu hilo halina hesabu, dada ni dada. Yeye analala chumbani, mimi nalala sebuleni na maboksi ya vitabu vyake. Nilipomaliza kidato cha sita matokeo hayakunichekea, nikaja mjini kutafuta maisha, na maisha nayo yananitafuta, hatujaonana bado. Dada anasoma shahada ya uzamili, historia. Tasnifu yake inahusu daladala: jinsi watu binafsi walivyoanza kubeba abiria mabasi ya umma yalipozidiwa, jinsi serikali ilivyowaruhusu rasmi 1983, na jinsi jina lenyewe lilivyotoka kwenye dala, ile shilingi tano ya nauli. Nusu ya tasnifu hiyo ameiwaza akiwa amesimama ndani ya daladala, ameshika bomba, kwapa la mtu liko puani.

Usiku mmoja alirudi akakuta kauntabuku yangu mezani. Akaisoma hadithi yote akiwa amesimama, mkoba bado begani. Mimi nikajifanya nimelala, jicho moja wazi, nasubiri sifa.

"Mdogo wangu," akasema, "umeandika vizuri. Ila nina swali. Huyu binti yako anafanya kazi wapi?"

Nikamwambia hafanyi kazi, ni mwanafunzi.

"Anasoma saa ngapi?"

Kimya.

"Haya. Hiyo bili ilikuwa shilingi ngapi?"

"Nyingi."

"Nyingi ndiyo ngapi?"

Wewe acha tu. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na mbili ndani ya hoteli na sikujua bei ya kuku.

Kuanzia siku ile nikaanza kumwangalia dada kama mwandishi anavyotakiwa kumwangalia mtu, jambo ambalo kwa mwaka mzima wa kula ugali wake sikuwa nimelifanya. Anaamka saa kumi na moja alfajiri. Saa moja kasoro yuko kwenye geti la shule moja ya binafsi anakofundisha vipindi vya asubuhi (jina la shule nalihifadhi, maana mishahara yake bado wameikalia). Saa nne ni chai ya rangi na chapati mbili, huku anasahihisha madaftari. Saa saba anakimbilia chuoni, anaingia maktaba, saa kumi na moja jioni ana darasa. Saa mbili usiku, pengine saa tatu, yuko kituo cha Mwenge anagombea gari. Sasa ninyi mnaojua sana, niambieni, apike lini?

Wazee wetu wanasema kula nje ni anasa. Mama mkubwa akipiga simu kutoka Morogoro swali la pili baada ya salamu ni hilo hilo: "Bado unakula-kula huko njiani?" Dada huitikia, "Hapana mama, napika," kisha ananikonyeza. Alishawahi kunipigia hesabu nyuma ya bahasha. Mkaa, mafuta, nyanya, vitunguu, mchele, dagaa, na kile chakula kiive saa tano usiku wakati saa kumi na moja mtu anatakiwa awe macho. Kwa mama ntilie wa karibu na chuo, sahani ya wali maharage ni shilingi 2,000, mchicha juu, na ukimwambia "mama, niongezee mchuzi" anakuongezea na pole ya kazi juu yake. Ndiyo maana ya jina lenyewe: mama, nitilie. Kwenye hotuba na magazeti wamewabadilisha jina wakawaita mama lishe, sawa, lakini kwenye lile benchi hakuna aliyesikia habari hizo.

Na lile benchi jamani! Nimekaa pale siku tatu. Kondakta, fundi rangi, binti wa uzamili mwenye kompyuta kwenye mfuko wa nailoni asionekane na vibaka, mzee fulani nikaambiwa ni mhadhiri, wote wamebanana, kila mtu na sahani yake magotini. Kwenye hadithi zetu benchi hilo linakuja pale tu tunapotaka kuonyesha kwamba mhusika ni apeche alolo. Msomi wetu halikalii kamwe. Msomi wetu ama yuko na buzi ama hali kabisa, kama malaika.

Nimefikiri sana uongo huu tumeutoa wapi. Chuo kile kilipoanza Oktoba 1961, pale Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wachache tu, wote wa sheria. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru swali la nani anamlisha msomi lilikuwa na jibu: serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama, na mzazi akaanza kuingiza mkono mfukoni. Ikaja Bodi ya Mikopo, ikaanza kazi 2005, na vijana wa shahada ya kwanza wanaopata mkopo wanaisubiri ile hela ya kujikimu, bumu, kama mvua ya vuli. Dada yangu bumu alilipata zamani, akiwa shahada ya kwanza. Leo hana bumu na bado anadaiwa lile la zamani. Kwa hiyo nani anamlisha? Hapo ndipo waandishi tulipotakiwa kwenda kuuliza. Hatukwenda. Tuliliona pengo, tukaona uvivu kulichunguza, tukalijaza buzi.

Mwisho wa mwezi mmoja dada akaniambia, "Vaa viatu, leo utakuja kula na sisi." Sisi ni yeye na wenzake watatu wanaosoma naye: mmoja ni karani wa benki, mmoja nesi wa zamu, mmoja anauza vitenge kwa simu, anapiga picha na kutuma. Wanakutana Jumamosi moja kwa mwezi, hapa hapa Sinza, sehemu ya kuku wa kuchoma yenye viti vya plastiki. Hakuna kitambaa cha meza wala mshumaa. Kabla ya kuagiza, kila mtu anataja alichonacho, bila aibu.

Nilitegemea kusikia habari za wanaume. Zilikuwepo, kama dakika kumi. Baada ya hapo kila mmoja akatoa sura ya tasnifu yake, karatasi zikashikwa kwa vidole vya mafuta. Nesi alikuwa ametoka zamu ya usiku, akasinzia huku kashika paja la kuku, wakamwamsha asome. Karani akamwambia dada sura yake ya pili ni magazeti matupu, mawazo yake mwenyewe hayaonekani. Dada akanuna. Akala ndizi mbili bila kusema neno, halafu akaomba kalamu. Wenzangu, nina miaka mitatu kwenye vikundi vya uandishi na sijawahi kusikia uhakiki kama ule. Sisi kwetu mtu akisoma upuuzi tunamwambia "kaza buti".

Jambo nililotaka kusema lakini ni hili. Mwezi ule dada alikuwa hajalipwa, wa pili mfululizo. Ilipofika zamu yake ya kutaja alichonacho akasema ameshiba, mchana alikula chakula kizito, ataagiza soda tu. Mimi nilijua mchana ule alikula nini, maana tulikuwa wote: uji. Nesi hakubishana naye. Alivuta sahani yake akaisogeza katikati ya meza, akasema, "Mimi hii peke yangu siiwezi," akaendelea na habari nyingine. Dada akala. Mwishoni akatoa daftari dogo kwenye mkoba, akaandika deni lake kwa mkono wake mwenyewe, akamwonyesha kila mmoja. Kuku wawili, ndizi, kachumbari, soda tano: shilingi 52,000, mara wanne, kila mmoja 13,000. Mimi sikuhesabiwa.

Halafu mhudumu akaleta bili. Unajua aliiweka wapi? Mbele yangu. Mimi! Wanawake wanne wazima, wenye digrii, wanaofanya kazi, na mimi niliyekaa pembeni natafuna mabawa yao, mfukoni nina shilingi 1,500. Aliniangalia kabisa kama vile mimi ndiye mwenye shughuli. Nesi akaivuta ile karatasi bila kumtazama, "Kaka, lete huku, huyo ni mtoto." Wakacheka. Nami nikacheka, lakini masikio yalikuwa yanawaka moto.

Yule mhudumu hajasoma hadithi yangu, wala hataisoma. Lakini nilichokiandika ndicho alichokifanya. Alitafuta mwanamume mezani, akamkosa mzee, akamchukua kijana. Sasa kama mwandishi na mhudumu wanaona kitu kile kile, na wote hawajauliza, mwandishi wa nini?

Najua mtanijibu mabuzi wapo. Wapo, nani amekataa? Kila mtaa una wake. Mwandikeni buzi mnayemjua: anaumwa nini, anaogopa nini, hela ameitoa wapi, na yule binti alisema nini siku alipomkatalia, maana wapo wanaokataa na hao ndio hatuwaandiki. Mkishindwa kuyajibu hayo basi buzi wenu ni kikaragosi chenye kitambi. Mwenzangu mmoja kikundini aliniambia hadithi ya mtu anayehesabu chenji haiuzi. Nikamuuliza yake ya buzi imeuza nakala ngapi. Tumebaki hatusalimiani wiki mbili. Na huyo mwenzangu Kichwamaji anacho, cha Euphrase Kezilahabi, toleo la zamani limechakaa kwa kusomwa. Kilitoka 1974, Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na kinachotufungulisha kurasa ni mashaka yanayomtafuna kichwani. Hakuna V8 ndani yake.

Lakini niseme na langu, nisije nikaonekana mimi ndiye msafi. Nilipoandika ile hadithi nilikuwa na wivu. Wasichana niliokaa nao dawati moja walipita, mimi nikabaki. Kila nikipita Mlimani naona kama lile geti linanicheka. Ni raha sana kumchukua mtu aliyekupita ukamweka mezani na mzee, ukamwaibisha mbele ya mke wa mtu. Unajisikia mrefu. Unajiambia, kumbe digrii zao zinapatikana hivi. Nilimfanyia hivyo binti wa kwenye karatasi huku nakula ugali wa binti wa kweli, aliyekuwa anaununua kwa vipindi vya asubuhi vya darasa la sita na la saba. Dada hakuniambia hayo. Aliniuliza bei ya kuku tu.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo mimi nitasoma hadithi mpya. Ina meza, ina daftari la madeni, ina nesi anayesinzia. Bado nimekwama pale anaposema ameshiba, kila nikiandika naona nimezidisha machozi. Na ninyi njooni na zenu, ila mhusika wenu akikaa hotelini nitanyoosha mkono niulize bili, tena kwa shilingi, na kama hamjui nitawaambia mkae chini.

Naishia hapa. Ni saa tatu kasoro usiku, dada amepiga simu yuko Mwenge na gari hakuna. Leo zamu yangu ya kununua chips. Nina 3,500 niliyoipata asubuhi kwa kumhamisha mtu vyombo, na chips mayai za kona yetu ni 3,000. Itakuwa sahani moja, vijiti viwili vya kulia, na yule muuzaji nimwombe aongeze kachumbari.