Afrika Ishike Ujuzi wa Kufikisha Dawa

Dawa isiyofika penye ugonjwa ni sawa na barua isiyomfikia mwenyewe. Ukweli huo ulidhihirishwa na chanjo za UVIKO-19 za Pfizer-BioNTech na Moderna, zilizoidhinishwa mwaka 2020. Wengi waliusifu ujumbe wa RNA uliokuwamo katika chanjo hizo. Ni wachache walioitazama bahasha iliyoubeba.

Bahasha hiyo ni kifuko kidogo mno cha mafuta. Vifuko 10,000 vikipangwa mstari mmoja hufikia takriban milimita moja tu. RNA ikiingizwa mwilini bila kinga huharibiwa upesi. Kifuko huihifadhi, na njiani hutulia, kwa kuwa mafuta yake makuu hayana chaji ya umeme. Seli ikikimeza hukiweka katika chumba chenye asidi. Hapo ndipo mafuta yale hupata chaji, yakavuruga ukuta wa chumba, na RNA ikatoka kwenda kufanya kazi yake. Kwa njia hiyo hiyo, mwaka 2018 Marekani iliidhinisha patisiran, dawa ya ugonjwa wa kurithi unaoharibu neva.

Lakini ujuzi huo umezungushiwa ua wa hataza. Mwaka 2022 kampuni za Arbutus na Genevant ziliishitaki Moderna huko Marekani kwa sababu ya vifuko hivyo. Ikiwa matajiri hupelekana mahakamani kugombania bahasha, mnyonge asiye nayo atapata nini? Afrika ilipata jibu mwaka 2021, ilipopangishwa foleni huku nchi tajiri zikiwa zimejilimbikizia chanjo kupita mahitaji yao.

Kwa hiyo ulikuwa wa busara uamuzi wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 wa kuanzisha Afrika Kusini kituo cha kueneza teknolojia hiyo. Mwaka 2022 kampuni ya Afrigen ya Cape Town ilitengeneza chanjo ya majaribio kwa kutumia taarifa zilizokwisha kutangazwa, bila msaada wa Moderna. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 6 za Afrika zilizochaguliwa kwanza kupokea ujuzi huo.

Hata hivyo, kituo kimoja hakitoshi. Hapana budi vyuo vikuu vifundishe wakemia na wafamasia wa kazi hiyo, na serikali za Afrika zikubali kununua kitakachotengenezwa Afrika. Kiwanda kisicho na mnunuzi hufungwa, na mafundi wake hutawanyika. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika tauni, hufa kabla ya wakati wake.