Chetambe Kabla ya Montana: Dhidi ya Usomaji Mmoja wa Arrival

Upo usomaji wa filamu ya Arrival (2016) ya Denis Villeneuve unaoelekea kukubaliwa bila kuhojiwa: kwamba kufikiwa na mgeni asiyejulikana ni tukio la kubuni tu, lililozuliwa na Ted Chiang katika hadithi fupi ya mwaka 1998, na kwamba hofu yake ni ya wanadamu wote kwa kiwango kimoja. Dai hili halina mashiko. Mhakiki anayelirudia akiwa Bungoma ameupa kisogo mlima wa Chetambe.

Mgogoro wa filamu umejengwa juu ya neno moja. Viumbe wenye miguu saba wanaandika ishara ambayo majeshi yanaisoma kuwa silaha. Louise Banks, mwanaisimu, anashikilia kuwa huenda ni chombo cha kazi. Wahakiki wameusifu utata huu kana kwamba ni uvumbuzi, ilhali Kiswahili kinao ndani ya neno zana: zana za kilimo, zana za vita. Kwa Wabukusu suala halikuwa la kimaana tu. Askari waliotumwa kwao kudai bunduki mwaka 1894 waliuawa, na mwaka 1895 C. W. Hobley akaongoza msafara wa adhabu uliozivunja ngome za Lumboka na Chetambe kwa bunduki. Katika filamu, Louise anampigia simu Jenerali Shang na majeshi yanarudi nyuma. Chetambe hapakuwa na mkalimani wa namna hiyo.

Hapa pana swali chungu kwa idara za Kiswahili. Kiswahili kilifika Mumias pamoja na misafara ya biashara, kisha kikawa lugha ya amri ya watawala. Kilikuja na wageni. Kuisoma Arrival kwa Kiswahili huku lugha yenyewe ikijiweka upande wa wenyeji wasio na doa ni kujipendelea.

Wala mgeni hakuondoka, kama wanavyoondoka wale wa Villeneuve. Kitale alipata shamba, na baadhi yao wakaanza kukusanya. Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974, yalitokana na mkusanyiko wa mlowezi Hugh Stoneham. Katika filamu ni mgeni anayetazamwa nyuma ya kioo. Kitale ni mgeni aliyeamua kipi kiwekwe nyuma yake.

Watetezi watasema kiini ni wakati: ajifunzaye lugha ya wageni huyaona yajayo. Mapokeo ya Wabukusu yanasimulia kwamba Mutonyi wa Nabukelembe alitabiri kuja kwa Wazungu, na utabiri huo haukuzizuia bunduki. Mwaka 1947 Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa, na kwa mkutano ule mwaka 1895 haukuwa umepita. Louise anakijua kifo cha bintiye na kukiridhia. Masinde alivijua vifo vya Chetambe na kukataa kuviridhia. Wanaomsifu Louise hawajaeleza kwa nini kuridhia pekee ndiko kuitwe hekima.