Kosa na Katizo: Istilahi Zisizofaa Kuchanganywa

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, taaluma ya kompyuta ina makao yake. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, mjini Nyeri, kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2012. Hata hivyo, upangaji wa programu hufundishwa kwa Kiingereza, na aghalabu wanafunzi wa Kiswahili huona kuwa jambo hilo haliwahusu. Mtazamo huo unapotosha.

Chukuliwe mfano wa programu fupi ya Python inayojumlisha kilo za kahawa zilizopokewa na chama cha ushirika. Ikikuta herufi mahali pa tarakimu, kosa huibuka: udhibiti huuacha mstari uliokuwa ukitekelezwa na kuhamia sehemu iliyoandaliwa kulidaka kosa hilo. Hapo rekodi mbovu huwekwa kando na hesabu huendelea. Lakini karani akigundua kwamba amefungua faili la msimu uliopita, hubonyeza vitufe vya Ctrl na C. Udhibiti huhama vilevile, ingawa hakuna kilichoharibika. Binadamu ameamuru kazi isimame.

Python yenyewe iliwahi kuyachanganya mambo haya. Kabla ya toleo la 2.5 la mwaka 2006, katizo hilo liliwekwa katika kundi moja na makosa ya kawaida. Aliyedaka makosa yote kwa jumla alidaka pia amri ya kusimama, na programu ingeweza kuendelea kana kwamba karani hakubonyeza chochote. Toleo hilo liliyatenganisha.

Kiswahili kikiyaita yote mawili "hitilafu", kitaurudisha utata huo. Inafaa "kosa" litumike kwa kasoro izukayo ndani ya utekelezaji, na "katizo" kwa amri itokayo nje. Kitenzi "daka" nacho kinafaa kuliko "shughulikia": mpira usiodakwa hupita hadi wavuni, na kosa lisilodakwa hupanda kutoka kitendaji kimoja hadi kingine mpaka programu ikome.

Istilahi nzuri haitoki kamusini pekee. Hutoka kwa anayejua kitu kinavyofanya kazi. Kutoka Karatina hadi Nyeri ni mwendo mfupi wa matatu. Mwanafunzi wa Kiswahili na aende akaketi kando ya mwenzake wa kompyuta, aone udhibiti unavyohama, ndipo apendekeze neno.