Migodi ya Lualaba: nani anaona yanayopita kwenye mtandao?

Shaba na kobalti ya Kolwezi inalindwa kwa kuta, kamera na polisi wa migodi. Mtandao wa kompyuta, unaobeba hesabu za mizani na amri za pampu, hauzungumzwi sana.

Mwezi Machi 2019, programu hasidi ilifunga mafaili ya Norsk Hydro, kampuni ya aluminiamu ya Norwei. Ilikataa kulipa wavamizi, viwanda vingine vikarudia kazi ya mikono, na hasara ikapita dola milioni 50. Wavamizi walikuwa wameingia karibu miezi 3 mbele, kupitia barua pepe iliyoonekana imetoka kwa mteja.

Kuangalia mtandao si kusoma barua za wafanyakazi. Ni kujua mashine ipi inazungumza na ipi, saa ngapi, kwa kiasi gani. Pampu inayotuma data ng'ambo saa 8 usiku lazima iulizwe. Picha hiyohiyo inawaonyesha watu wa uzalishaji kifaa kilichoanza kuchoka, kabla SNEL haijalaumiwa bure.

Kongo ina Kanuni ya Dijitali tangu Machi 13, 2023. Kwa migodi, linabaki swali la zamu: nani yuko mbele ya skrini usiku, na ana ruhusa ya kukata laini bila kumngoja mkurugenzi?