Matombo: Historia iliyozaliwa baada ya 1863 italindwa na nani?

Barabara ya Bigwa hadi Mvuha, km 78 zinazopita Matombo, ikishakuwa ya lami yote, safari ya Morogoro mjini itakuwa fupi, na ndizi, mdalasini na pilipili manga za Uluguru zitafika sokoni mapema. Hilo kila mtu analitaka. Ila lami huja na mengine: viwanja hupanda bei, majengo ya zamani huvunjwa kupisha fremu za maduka, na mahali palipokuwa na stori yake hugeuka kijiwe cha bodaboda.

Sasa Matombo ina nini cha kulinda?

Kipo, tena kingi. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambao kituo chao cha kwanza bara kilikuwa Bagamoyo, walifungua misheni hapa mwaka 1897. Upande wa kusini wa milima kuna Kolelo, ambako hata Wazaramo walipanda kutoka pwani kuomba mvua, miaka mingi kabla ya Vita vya Maji Maji. Halafu kuna 1955, na hapo ndipo pa kusimama kidogo.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, na kiini chake kilikuwa kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi mlimani. Kwenye karatasi ulikuwa mpango safi. Shambani, udongo wa juu wenye rutuba ulifukiwa, wa chini ukaja juu, na wakulima wakalalamika kuwa mazao yamekataa. Isitoshe, ardhi ya Waluguru ni ya ukoo na ukoo hufuata upande wa mama. Aliyelima shamba la kuazima kwa ukoo mwingine, achimbe matuta ya kudumu kwa faida ya nani?

Julai 1955 watu wa Matombo walisema basi. Walikusanyika, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Matuta ya lazima yakaachwa. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ikapata masikio mengi Uluguru.

Tatizo ni tarehe

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja majengo na miundo iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kilichokuja baadaye hakina kinga hiyo mpaka waziri akitangaze rasmi. Kwa hesabu hiyo, misheni ya 1897 ni changa. Mlima wa 1955 ndiyo kabisa, haumo.

Cha kushangaza, msitu wa juu umepata ulinzi wake: Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, hekta 24,115, ilitangazwa mwaka 2008. Mwaka huohuo ilitoka Sera ya Malikale, inayosema wazi kuwa jamii inapaswa kushirikishwa. Miti imehesabiwa. Walikopigania watu ardhi yao, chini huko kwenye mashamba, hapana.

Lakini kusubiri tangazo la waziri peke yake ni kujidanganya. Beit el Ajaib ya Zanzibar ilikuwa ndani ya Mji Mkongwe, urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na bado sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili. Karatasi haizibi paa linalovuja.

Mfano wa kufaa zaidi uko Kenya. Misitu ya kaya za Wamijikenda ilianza kutangazwa kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 baadhi yake iliingia kwenye orodha ya UNESCO. Serikali ilitoa kinga ya kisheria, ila miiko ya kuingia msituni ilibaki mikononi mwa wazee wa kaya. Kolelo ingeweza kwenda njia hiyohiyo.

Kwa Matombo mlango wa kwanza hauko Dodoma. Serikali ya kijiji inaweza kuandaa sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji ukaijadili, halmashauri ya wilaya ikaidhinisha. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji nao unaweza kutenga eneo la urithi kama unavyotenga malisho au makaburi. Ukiwa na hayo mkononi, ombi kwa Idara ya Mambo ya Kale linakuwa na uzito.

Kikwazo kikubwa, kiukweli, si pesa. Ukitamka "hifadhi" Uluguru, wengi wanasikia kunyang'anywa shamba, na historia yao inawapa sababu ya kusikia hivyo. Ndiyo maana mipaka ya eneo lolote lazima ichorwe na wenye koo, wao wenyewe, kabla afisa hajaja na ramani. Mahali watu walipokataa amri ya kutoka juu hapawezi kulindwa kwa amri nyingine ya kutoka juu.

Na muda unabana. Aliyekuwa na miaka 15 siku zile za Julai sasa amevuka 80. Nguzo ya saruji yenye maandishi inaweza kusubiri bajeti ya mwaka ujao, sauti yake haiwezi. Simu ya kurekodi siku hizi haikosekani kijijini, na mwalimu wa historia anaweza kuwatuma wanafunzi wake kwa mababu na mabibi zao hata wiki hii.