Goma-Bukavu: Kuokoa mbwa bila kumfunga uzazi ni kutwanga maji kwenye kinu

Mtu anayekimbia na mtoto mgongoni na godoro kichwani hana mkono wa kushika kamba ya mbwa. Ilikuwa hivyo tarehe 22 Mei 2021, volkano Nyiragongo ilipotema moto na wakaaji wa Goma wakashika njia ya Sake na ya Gisenyi. Ilikuwa hivyo tena mwezi wa kwanza 2025 vita ilipoingia Goma, na mwezi uliofuata ilipofika Bukavu. Mbwa anabaki kwenye lupango. Anangoja siku mbili, tatu, kisha anatoka kutafuta chakula sokoni na jalalani.

Katika miji hii miwili kuna watu, wengi wao vijana, wanaowaokota mbwa hao. Wanawapa makombo ya fufu, wanawatoa kupe, wanawafunga vidonda, wanawatafutia familia mpya. Kazi hiyo inafanywa bila mshahara, na mara nyingi majirani wanaicheka. Inastahili heshima. Lakini kuna swali moja ambalo wanaookoa, viongozi wa komini na waganga wa wanyama wanaliruka: mbwa huyo akishapona, nani atamfunga uzazi, na kwa feza gani?

Swali hilo si dogo. Mbwa jike anaweza kushika mimba ya kwanza akiwa na miezi sita hadi kumi na miwili. Anabeba mimba kwa siku 63 hivi, na kwa kawaida joto linamrudia karibu mara mbili kwa mwaka. Akizaa watoto watano kila mara, mwaka mmoja unatosha kumgeuza mbwa mmoja aliyeokolewa kuwa kumi na mmoja. Kweli, wengi wa watoto hao watakufa kwa njaa, kwa magonjwa au chini ya magari. Lakini wanaobaki ndio watakaookotwa kesho na kijana yule yule, kwa sufuria ile ile ya fufu. Kuokoa kwa namna hiyo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Sababu ya kuliruka swali hilo inajulikana: bei. Kumhasi dume ni kazi ya dakika chache kwa mganga aliyezoea. Kumfunga uzazi jike ni kazi nzito zaidi, maana mganga anapasua tumbo, anatoa mayai na mara nyingi kizazi chenyewe, kisha anashona tabaka kwa tabaka. Zote mbili zinahitaji dawa ya kulaza, glavu, uzi wa kushonea, vyombo vilivyochemshwa, dawa ya maumivu na dawa ya kuzuia vijidudu. Dawa ya kulaza inayotumika sana, ketamine, ni ile ile ambayo hopitali zinaihitaji kwa watu. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa na banki zikafunga milango mwaka 2025, kila chupa ya dawa ilianza kupita njia ndefu na mikono mingi zaidi. Kwa familia inayohesabu feza ya unga kila asubuhi, operesheni ya mbwa inaonekana kama mchezo wa matajiri.

Ndipo inapoingia bei rahisi ya uongo. Kuna wanaomwita mtu mwenye wembe, yule anayehasi mbuzi na nguruwe kijijini, amkate mbwa bila dawa ya kulaza. Mbwa anateseka, kidonda kinaoza, na aliyemshika miguu anaweza kuumwa na mnyama ambaye hajachanjwa. Wengine wanatafuta sindano ya kupanga uzazi ya akina mama na kumpiga jike. Sindano hiyo ya homoni inaweza kuzuia joto kwa muda, lakini kwa mbwa inaongeza hatari ya kizazi kujaa usaha na ya uvimbe wa matiti. Anayeokoa feza leo kwa njia hizo atalipa mara mbili, au atamzika mbwa wake.

Viongozi nao wana bei yao rahisi: risasi na sumu. Mbwa wakizidi na wakaaji wakilalamika, amri inatoka, mbwa wanauawa, mizoga inaachwa kando ya barabara. Kwa wiki chache kartie inatulia. Kisha mbwa wengine wanaingia kutoka kartie jirani, kwa sababu jalala bado lipo na chakula bado kipo. Waliobaki wanazaa, na watoto wao wanapata nafasi ya kuishi kwa sababu ushindani umepungua. Baya zaidi, mara nyingi anayekufa ni mbwa mpole, aliyezoea watu, ambaye pengine alikuwa amechanjwa. Sumu haiulizi cheti cha chanjo. Wala haimtambui mtoto anayecheza pale ilipomwagwa.

Na hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la wapenda mbwa tu. Kichaa cha mbwa, ambacho wengi hapa wanakiita raje, kinaua watu wapatao 59 000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote, 99 kwa mia, wameambukizwa na mbwa. Wane katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa mtu, hakuna dawa. Kinachookoa ni kuosha kidonda mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha kupata sindano za chanjo kadhaa kwa siku zilizopangwa. Mzazi anayetoka Nyiragongo au Walungu akiambiwa kwamba chanjo haipo kwenye kituo cha afya, au kwamba ipo kwa bei asiyoiweza, anarudi nyumbani kungoja. Hakuna mzazi anayestahili kungoja hivyo.

Ni lazima kusema ukweli: kufunga uzazi peke yake hakuondoi raje. Kinachoiondoa ni chanjo ya mbwa. Waganga wanakubaliana kwamba mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, na kazi hiyo ikirudiwa kila mwaka, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kwa hiyo chanjo ni ya kwanza. Lakini katika mji ambao mbwa wanazaliwa na kufa ovyo, mbwa waliochanjwa mwaka huu si wale watakaokuwepo mwaka ujao. Watoto wapya wanaingia bila kinga, na hesabu ya 70 inaporomoka kabla kampeni nyingine haijaanza. Mbwa aliyefungwa uzazi anaishi muda mrefu zaidi, hazururi sana, hapigani sana wakati wa joto, na kinga yake inabaki mtaani. Chanjo inazima moto, na kufunga uzazi kunapunguza kuni.

Mifano ipo, na si yote ya nchi tajiri. Kisiwa cha Pemba, kule Tanzania, kiliifuta raje kwa kuchanja mbwa. Ugonjwa uliporudi kutoka nje, watu walichanja tena na kuufuta tena. Bhutan, nchi ndogo ya milima huko Asia, ilianza mwaka 2009 kukusanya mbwa wa barabarani, kuwafunga uzazi, kuwachanja na kuwarudisha walipotolewa. Mwaka 2023 serikali yake ilitangaza kwamba kazi imewafikia mbwa wote. Ilichukua zaidi ya miaka kumi. Hakuna aliyefanya muujiza, walihesabu mbwa na hawakuacha kazi katikati.

Kivu haina serikali inayoweza kufanya kama Bhutan kesho asubuhi. Lakini bei ya operesheni inaweza kushuka bila muujiza, kwa sababu sehemu kubwa ya bei hiyo si dawa. Ni safari ya mganga, ni vyombo vinavyochemshwa kwa ajili ya mbwa mmoja, ni chupa inayofunguliwa na kubaki nusu, ni siku nzima ya msaidizi. Mbwa ishirini wakiletwa mahali pamoja siku moja, gharama hizo zinagawanywa kwa ishirini. Kwa hiyo kinachotakiwa kwanza ni siku moja kwa mwezi, katika komini moja, kwenye ukumbi wenye maji na meza. Ibanda, Kadutu, Bagira, Karisimbi: kila komini ina darasa lililo tupu siku za likizo au ghala la ofisi ya kilimo na ufugaji. Mbwa anachanjwa, anafungwa uzazi, anakatwa alama ndogo kwenye sikio akiwa bado amelala ili asipasuliwe mara ya pili, kisha anarudi na mtu atakayemchunga hadi kidonda kifunge, siku kumi hadi kumi na nne. Kukiwa na nafasi chache, jike wawe wa kwanza, kwa sababu dume mmoja aliyebaki anatosha kuwapa mimba majike wengi.

Mikono pia ipo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kule Butembo, kina fakilte ya uganga wa wanyama, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi nacho kina yake. Mwanafunzi wa miaka ya mwisho anahitaji kujifunza kupasua, na mji unahitaji mtu wa kupasua. Akifanya kazi chini ya macho ya mganga mwenye diploma na uzoefu, wote wawili wanapata. Njia za Kivu ni mbaya na za hatari, hilo halifichiki, lakini mwanafunzi mzaliwa wa Bukavu au Goma anayerudi nyumbani likizo haitaji msafara wa kumleta.

Kuhusu feza, haki inataka kila mtu alipe kwa kadiri yake. Wanaofuga mbwa wa kizungu na kuuza watoto wao kwa dola walipe bei kamili. Kampuni za ulinzi na mashirika yanayoweka mbwa kwenye milango yao yalipe zaidi kidogo. Familia ya kawaida itoe mchango mdogo, maana kitu cha bure kabisa mara nyingi kinadharauliwa. Kijana aliyeokota mbwa asiye na mwenyewe asilipe chochote, kwa sababu tayari anaufanyia mji kazi ya mji. Na hesabu zibandikwe mlangoni kila mwisho wa siku: mbwa wangapi, feza ngapi iliingia, dawa gani ilitoka. Wakaaji wa Kivu wamechangishwa mara nyingi bila kuona matokeo. Bila karatasi hiyo mlangoni, siku ya pili hakuna atakayekuja.

Hifadhi za wanyama zina sababu ya kushiriki. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaobebwa na mbwa, ule uitwao distemper, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Virunga ina simba kwenye mbuga zake za nyasi, na vijiji vyenye mbwa vinaipakana. Kufunga uzazi na kuchanja mbwa wa vijiji hivyo ni ulinzi wa hifadhi sawa na doria.

Kuna watakaosema: watu wanalala chini ya turubai, watoto hawana masomo, na nyinyi mnahangaikia mbwa? Hasira hiyo inaeleweka. Lakini anayelala chini ya turubai ndiye wa kwanza kuumwa, kwa sababu hana mlango wa kufunga. Mwenye ukuta na geti ana mbwa ndani, anayepita nje kwa miguu saa kumi na moja asubuhi akienda sokoni ndiye anayekutana na kundi. Kupunguza mbwa wasio na chanjo ni kazi kwa ajili ya maskini kabla ya kuwa kazi kwa ajili ya mbwa.

Wengine wanasema mbwa aliyehasiwa hawezi tena kulinda nyumba, na katika miji yenye wezi wa usiku hofu hiyo si ya kuchekwa. Lakini mbwa halindi kwa sababu ya uzazi wake. Analinda kwa sababu anajua lupango ni lake na watu wa mle ni wake. Dume asiyehasiwa akisikia harufu ya jike kartie ya pili, anaruka ukuta na kuacha nyumba usiku mzima. Aliyehasiwa anabaki mlangoni. Tena, mfugaji wa Masisi anahasi fahali, mkulima wa Kabare anahasi mbuzi, na hakuna anayesema amemkosea Mungu.

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya dunia ya kupigana na raje. Mara nyingi inapita kwa hotuba. Safari hii komini moja, hata moja tu, ingeweza kuipitisha kwa meza mbili, mganga mmoja, wanafunzi wanne na mbwa ishirini. Yeyote anayeshika mji anaweza kuruhusu hilo bila kupoteza chochote, kwa sababu raje haiulizi bendera gani inapepea kwenye ofisi ya meya. Na wale wanaookoa mbwa waanze na kanuni moja wanayoweza kuishika wenyewe: mbwa jike asitolewe kwa familia mpya bila jina lake kuandikwa kwenye orodha ya kufungwa uzazi, na namba ya simu ya familia hiyo pembeni. Orodha hiyo haigharimu kitu. Ikifika majina ishirini, kutakuwa na sababu ya kumwita mganga, na bei ya kujadiliana naye haitakuwa tena ya mbwa mmoja.