Jicho la umeme lisitufumbe macho

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa mlio kambini, kuna habari inayozunguka kwenye simu kwamba upofu umepata dawa, nayo ni umeme. Msidanganyike.

Mashine yenyewe ni ya kweli. Moja iliitwa Argus II, ya kampuni ya Second Sight ya Marekani. Kamera kwenye miwani ilipeleka picha kwa kompyuta ndogo iliyovaliwa mwilini, kisha ishara zikafika kwenye vidoti 60 vya chuma vilivyopandikizwa juu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho. Umeme mdogo uliamsha neva zilizobaki hai. Mgonjwa aliona nini? Vimulimuli na vivuli: mlango uko huku, mtu anapita kule. Uso wa mtoto wake hakuuona. Tena ilitengenezwa kwa ugonjwa mmoja wa kurithi, unaoua chembe zinazopokea mwanga.

Bei ilikuwa kama dola 150,000. Watu zaidi ya 350 waliwekewa. Mwaka 2019 kampuni ikaacha kuitengeneza. 2020 ikakaribia kufilisika, ikafukuza wafanyakazi wengi. Wagonjwa wakabaki na chuma ndani ya jicho, bila fundi wala vipuri. Na wengi wao walikuwa katika nchi tajiri!

Sasa nauliza: kwa nini tumwambie bibi asiyeona angoje umeme? Wazee wengi kwetu wamefungwa na mtoto wa jicho, yaani lenzi ya jicho iliyoingia ukungu. Daktari anaitoa, anaweka ya plastiki, kazi isiyofika saa moja. Haidai betri. Hata kampuni ikifa, bibi ataendelea kumwona mjukuu wake. Upofu wa mtoni nao unazuiwa kwa vidonge vya ivermectin, ambavyo kampuni ya Merck inatoa bure tangu 1987.

Viongozi na mashirika, mnapoandika mahema, unga na maji, andikeni na macho. Risasi zikilia usiku, asiyeona ndiye anayeachwa nyuma.

Na wewe mwenye mzazi kipofu, usitoe hata faranga moja kwa ahadi ya kwenye simu. Si kila upofu unatibika, lakini kila jicho lina haki ya kuchunguzwa. Mshike mkono, mpeleke kwa daktari wa macho. Akikosekana, tumdai kwa sauti moja.